Ulimwengu Sambamba na Mantiki ya Hadithi

Katika tamthilia ya televisheni ya Marekani, Sliders (1995–2000), wasafiri huingia dunia ambamo Marekani ilishindwa vita vya uhuru vya karne ya 18. Hata hivyo, pacha wa Profesa Arturo yumo. Je, yaaminika?

Tutazame Same. Tambarare ni kavu, bali msitu wa Shengena, unaofika juu ya mita 2,000, una unyevu mwingi. Humo, kwa kutengwa muda mrefu, ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni amekuwa spishi isiyopatikana ila Pare Kusini.

Vyanzo vikitengana, matokeo huzidi kutofautiana. Mababu wasipokutana, mjukuu hazaliwi. Basi pacha huyo ni pengo la hadithi, isipokuwa mtunzi aonyeshe sababu.