Dondoo muhimu: Peke yako hadi Ilula kwa binamu

Ukipanda basi Dar es Salaam, mwambie konda mapema kwamba unashuka Ilula. Ukisinzia utajikuta stendi ya Igumbilo, Iringa mjini. Sweta liwe mkononi, si kwenye buti. Ruaha Mbuyuni ni joto na mibuyu, lakini ukimaliza kupanda Kitonga baridi inakupokea, hasa Juni na Julai.

Wakubwa waamkie kwa Kihehe, "Kamwene". Neno hilo moja linafungua milango mingi. Usibebe nyanya, Ilula ndiko zinakotoka. Shangazi mpelekee nazi na samaki wakavu.

Tengeni siku nzima, wewe na binamu zako, mwende makumbusho ya Kalenga. Fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa mwaka 1954, lipo pale. Msikilize mwongozaji hadi amalize, ndipo uulizie picha.