KUFUFUA KATAPILA KUUKUU NYUMBANI

Mwaka huu sikuchagua methali wala ngeli. Nimechagua chuma. Usiufunue ukurasa huu haraka lakini, kwani lugha nayo imo tele.

Chukua neno lenyewe. Katapila ni Kiingereza tulichokivisha kanzu, na kwa Kiingereza maana yake ni kiwavi. Mwaka 1904, Benjamin Holt wa Stockton, California, alikuwa na trekta za mvuke zilizozama katika udongo laini wa mashamba ya huko. Akang'oa magurudumu ya nyuma, akaweka minyororo yenye vipande vya mbao. Mpiga picha mmoja alipoiona ikitambaa alisema inakwenda kama kiwavi, na jina likashika hapo hapo. Sisi tulilipokea jina tukamwacha mdudu. Wengine husema tingatinga, ingawa mwenzetu wa Dar es Salaam akisikia neno hilo huenda akafikiria picha za rangi kali, za mtindo wa mchoraji Edward Saidi Tingatinga aliyefariki 1972.

Sasa tuje kwenye mada. Huko Msambweni, chini ya mkorosho uwanjani kwa Mjomba wangu, lipo katapila aina ya Caterpillar D2. Aina hiyo ilitengenezwa kuanzia 1938 hadi 1957, kwa hivyo hata lililo changa kabisa ni kubwa kuliko wazazi wa wengi wetu. Uzito wake umepita tani 3. Mjomba alilinunua likiwa halitembei, na tangu siku hiyo watu hawaishi kumwuliza atalipimia kilo lini, yaani atawauzia lini wanunuzi wa vyuma chakavu. Biashara hiyo ilipopigwa marufuku na serikali Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuanguka, tulipumua kidogo. Ilipofunguliwa tena Mei mwaka huo huo, madalali wakarudi. Basi kazi yetu ya likizo ni ya mbio: litembee kabla Mjomba hajachoka kukataa pesa.

Karibu kila anayefika huuliza, "Injini inawaka?" Swali zuri, lakini si la kwanza. Fundi anayetusaidia ni mzee aliyeshika spana ujanani katika mashamba ya miwa ya Ramisi, kabla ya kiwanda cha sukari cha huko kufungwa 1988. Siku ya kwanza hakuinua hata kifuniko cha injini. Alilala kifudifudi mchangani akatazama chini. "Mjomba," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, naye ameshakuwa mtu wa nyumbani), "katapila hufia miguuni." Mafundi wa mashine hizi hukadiria kuwa karibu nusu ya gharama ya kulitunza katapila huliwa na minyororo na rola zake. Injini nzima juu ya miguu mibovu ni jenereta tu.

Mnyororo wenyewe ni viungo vya chuma vilivyofungwa kwa pini, na kila pini imepita ndani ya bushi. Watu husema mnyororo mkuukuu umerefuka. Hapana, chuma hakivutiki kama mpira. Kilichotokea ni kwamba pini na bushi zimelika, kila moja kidogo, na nafasi hizo zikijumlishwa mnyororo mzima unakuwa mrefu. Ndiyo maana hupimwa kwa futi kamba: unaukaza, unapima kutoka pini moja hadi nyingine ukipita viungo kadhaa, kisha unalinganisha na kipimo cha mnyororo mpya.

Hapa ndipo nilipostaajabu kweli. Pini na bushi hulika upande mmoja tu, ule unaovuta. Upande wa pili hubaki mzima. Basi hutupi kitu: unazitoa, unazigeuza nusu duara, unazirudisha, na mnyororo unapata maisha ya pili. Lakini usidhani ni kazi ya nyundo. Hutakiwa mashine ya kukandamiza yenye nguvu ya makumi ya tani, kwa hivyo nyumbani sisi hutoa ile pini kuu inayouachanisha mnyororo, kisha tunaupeleka karakana. Bushi iliyopasuka huchongwa mpya na fundi wa kukereza. Naam, kukereza, neno lile lile la miguu ya vitanda vya pwani!

Tahadhari moja usiisahau. Mbele ya kila mnyororo kuna gurudumu linalosukumwa na springi nene iliyobanwa kwa nguvu kubwa mno. Ukifungua boliti zake ovyo, inaweza kuruka ikamwua mtu. Hiyo hatuigusi.

Chini kukisha kujulikana, ndipo injini. Maadui wa pwani ni wawili: hewa ya chumvi, na mvua inayoingia kwenye bomba la moshi lililoachwa wazi. Pistoni zetu zilikuwa zimeshikwa na kutu. Kulivuta katapila kwa lori ili izunguke ni njia ya haraka ya kuvunja ringi. Tulitoa nozeli, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili katika kila silinda, tukangoja siku 9, huku tukilisukuma gurudumu zito la injini kwa mtaimbo, mbele kidogo, nyuma kidogo. Siku ya 10 likasogea kama upana wa kidole. Siye tulipiga vigelegele kama harusini.

Dizeli hii haina stata ya betri. Ubavuni ina injini ndogo ya petroli, silinda 2, ambayo ndiyo huwashwa kwanza. Ndogo huizungusha kubwa ikiwa imeachiwa pumzi, oili ipande, na moshi wake wa moto hupitishwa karibu na njia ya hewa ya kubwa ili kuipasha. Kisha pumzi inafungwa, dizeli inafunguliwa, kubwa inaitikia. Nayo haihitaji plagi: hewa ikishindiliwa sana hupata moto wa kutosha kuchoma dizeli.

Kuwaka si kugeuka, lakini. Katapila halina usukani. Lina klachi 2 za pembeni, na ukiachia ya kushoto linakata kushoto. Zikikaa miaka bila kutumika, sahani zake hugandana kwa kutu. Tulizifunga hendeli zikae nyuma kwa kamba, tukalitembeza polepole na kukanyaga breki kwa zamu, hadi ya kulia ikaachia kwa kishindo. Ya kushoto ilitaka wiki nyingine.

Wanaodhani umri ndio huua mashine na wakumbuke Kongwa, Tanganyika. Kuanzia 1947 Waingereza walitaka kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3. Walileta makatapila yaliyobaki vitani, mengi kutoka Ufilipino, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa trekta. Mibuyu na mizizi iliyavunja, vipuri na mafundi hawakutosha, na mwaka 1951 mpango ukaachwa ukiwa umekula pauni milioni 36. Mashine zile hazikuwa zimeishi hata miaka 15.

La Mjomba sasa lina mnyororo wa kushoto uliogeuzwa pini. Wa kulia ungali unangoja bei ya korosho. Kila Jumapili injini huwashwa nusu saa, kisha bomba la moshi likipoa hufunikwa kopo.