Dondoo Muhimu: Ramani Isiyofunguka Katika Barua Pepe ya Tahadhari

Programu ikituma taarifa ya upepo kwa wavuvi wa Kismayu, Koyama au Chula na ramani isionekane, lawama huangukia mtandao. Lakini mtandao dhaifu huchelewesha picha. Ikikosekana kwa kila msomaji, hata aliye Nairobi, kosa limo kwenye anwani ya picha. Anwani fupi kama /picha/ramani.png hufanya kazi kwenye tovuti tu, kwani barua pepe haina kwao. Andika anwani kamili, kuanzia https, kisha uifungue kwa simu ambayo haijaingia kwenye akaunti yenu: tangu Desemba 2013 Gmail huchukua picha kupitia seva za Google, nazo hazina nywila yenu.

Wapo watakaotaka picha ipachikwe ndani ya barua. Ikigeuzwa kuwa maandishi ya base64, Gmail haiionyeshi. Ikiambatishwa kwa cid (kitambulisho cha faili ndani ya barua) huonekana, ila hula bando la nahodha hata asipoihitaji. Kwa asiyeiona picha, bora maneno mbadala yenye habari kamili, “Kusi kali, mashua ndogo zisitoke”, kuliko neno “ramani” (ambalo halimsaidii yeyote). Na kila ramani ipewe jina lenye tarehe yake, la sivyo huenda barua ya jana ikaonyesha upepo wa leo.