Kuukatia Uvimbe wa Saratani Njia ya Damu

Mwanafunzi wa baiolojia hufundishwa mapema kwamba kila seli hai huhitaji oksijeni na chakula, na kwamba vitu hivyo huifikia kwa kusambaa kutoka katika kapilari iliyo jirani. Kusambaa huko hakufiki mbali. Seli iliyo zaidi ya milimita 0.2 hivi kutoka kwenye kapilari hukosa oksijeni na hatimaye hufa. (Mwalimu aweza kutumbukiza mchemraba wa kiazi katika maji yenye rangi kali, kisha kuukata: pembezoni patakuwa na rangi, na katikati patakuwa peupe.) Jambo hili dogo ndilo lililozaa mojawapo ya njia za kutibu saratani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Judah Folkman, daktari mpasuaji wa Marekani, alipandikiza seli za saratani katika tezi za shingo zilizotolewa mwilini mwa wanyama na kuhifadhiwa hai maabarani. Seli hizo ziliongezeka hadi zikafanya vivimbe vya milimita moja au mbili, kisha ukuaji ukasimama. Zilipohamishiwa katika panya hai, zilikua upya kwa kasi. Tofauti ilikuwa nini? Katika panya, mishipa mipya ya damu ilichipuka na kupenya ndani ya uvimbe. Katika tezi za maabara haikuchipuka.

Mwaka 1971 Folkman alichapisha hoja yake: uvimbe hutoa kemikali inayoita mishipa, na anayeweza kuzuia mwito huo ataudumaza uvimbe. Wataalamu wengi hawakukubali. Ndipo kundi lake lilipopandikiza vipande vya uvimbe katika konea ya jicho la sungura. Konea haina mishipa ya damu, ndiyo maana hupitisha nuru. Mshipa wowote unaoingia humo huonekana wazi. Na mishipa ikaonekana, ikinyooka kuuelekea uvimbe. Ni vigumu kupata jaribio rahisi kuliko hilo lililojibu swali zito kama hilo.

Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake huko California walitambua protini moja kubwa katika mwito huo, iitwayo VEGF. Kutokana na ugunduzi huo ilitengenezwa bevasizumabu, kingamwili inayoing'ang'ania VEGF kabla haijafika kwenye vipokezi vya seli za mishipa. Iliidhinishwa Marekani Februari 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa. Katika majaribio ya wagonjwa zaidi ya 800, nusu ya walioongezewa dawa hii waliishi zaidi ya miezi 20.3, nusu ya wasioipata walivuka miezi 15.6 tu.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, miezi mitano si kitu cha kudharauliwa. Lakini magazeti ya mwaka 1998, yakisimulia habari za panya waliopona, yalikuwa yameahidi makubwa zaidi. Kwa nini uvimbe haukufa njaa? Kwanza, ukizibiwa VEGF, hutoa protini nyingine zenye kazi ileile. Pili, baadhi ya vivimbe havioti mishipa, bali hutambaa kandokando ya mishipa iliyopo. Tena kuna jambo la ajabu: mishipa ya uvimbe huwa imepindapinda na kuvuja, na dawa hii huitengeneza kwa muda, ikaruhusu dawa za kuua seli zipenye vizuri zaidi. Huenda sehemu ya faida yake ni kufungua njia, si kuifunga!

Mwili nao huhitaji VEGF. Wagonjwa hupata shinikizo la juu la damu, vidonda vyao huchelewa kupona, na wachache hutoboka utumbo. Mwaka 2011 Marekani iliondoa idhini ya kuitumia kwa saratani ya matiti, kwa kuwa haikuthibitika kurefusha maisha.

Manufaa mengine yalipatikana machoni. Katika maradhi fulani ya retina, yakiwamo yaletwayo na kisukari, mishipa mipya huvuja na kupofusha. Miligramu 1.25 za bevasizumabu zikidungwa ndani ya jicho huizuia, na tangu mwaka 2013 matumizi hayo yamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.