Ajali na Kinga: Hofu ya Maradhi ya Ghafla katika Kioo cha Tungo za Kale

Utangulizi

Kifo ni mada kongwe katika fasihi ya Kiswahili. Mwanafunzi yeyote aliyepitia ushairi wa kale wa upwa wetu anajua kwamba washairi wa Pate, Siu na Lamu hawakuona haya kulitaja kaburi kwa jina lake. Hata hivyo, mada hii aghalabu hufundishwa kana kwamba inawahusu wazee na marehemu peke yao. Huhesabiwa mizani, vina vikabainishwa, msamiati wa Kiamu ukafafanuliwa, kisha kitabu kikafungwa. Nje ya darasa hofu inatungoja palepale: habari ya jirani aliyeamka mzima na kufikia adhuhuri hajiwezi, au ya mhadhiri aliyeanguka muhula ukiwa katikati. Hofu hii si ya wazee tu. Kijana wa miaka ishirini akisikia moyo wake ukienda mbio usiku, hujiuliza swali lile lile alilojiuliza babu yake.

Makala haya yana madhumuni matatu. Kwanza, yanachunguza methali mbili zinazotumia neno moja, kinga, lakini zinazoelekea kupingana. Pili, yanaangalia namna tungo mbili za kale, Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona, zinavyoyakabili mauti na maradhi. Tatu, yanajaribu kuonyesha kwamba mafunzo hayo yanaafikiana na tunayoyajua leo kuhusu maradhi yanayoitwa ya ghafla.

Methali mbili na neno moja

Wahenga walisema kuwa ajali haina kinga. Walisema pia kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Mwanafunzi anayetafuta methali za kinyume atafurahi kuziweka pamoja, lakini tusikimbilie kusema kwamba zinapingana kabla ya kuyapima maneno yenyewe.

Neno ajali limetoholewa kutoka Kiarabu, ambako neno la asili, ajal, humaanisha muda uliowekwa, hasa ukomo wa maisha ya mtu. Katika matumizi ya leo, ajali imekuwa tukio la madhara lisilotazamiwa, kama vile magari kugongana barabarani. Maana ya awali, hata hivyo, bado inaishi ndani ya methali. Anayesema kwamba ajali haina kinga anaweza kuwa anasema kwamba ukomo wa maisha, ukifika, hauzuiliki. Hilo ni kweli, na hakuna daktari atakayelipinga.

Methali ya pili haizungumzii ukomo. Inazungumzia maradhi, na maradhi ni njia tu, nayo njia yaweza kuzibwa, kugeuzwa au kurefushwa. Basi methali hizi mbili zina mipaka yake: moja inatawala mauti, nyingine inatawala afya. Hatari huanza pale hofu inapotufanya tuichukue hukumu ya mauti na kuipachika kwenye maradhi. Mtu anayekataa kupimwa damu kwa sababu "siku ikifika imefika" ametumia methali sahihi mahali pasipo pake.

Al-Inkishafi: taa katika upepo

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akiutazama mji wa Pate, uliokuwa na utajiri na fahari, ukiwa umeporomoka. Jina la utungo huo lina maana ya kufunuliwa, na anayefunuliwa macho ni moyo wa mshairi mwenyewe. Hili ni muhimu. Mshairi hamhubirii jirani. Anaukaripia moyo wake na kuuuliza kwa nini unaipenda dunia isiyodumu.

Picha anazozichora zinafahamika. Maisha ni taa iliyowashwa penye upepo. Ikizimika, hakuna wa kuizuia. Dunia ni kisima chenye mnyama mwenye pembe. Anayeinama kunywa hayapati maji. Kisha anatuingiza katika majumba ya matajiri: vidaka vilivyokuwa na vyombo vya thamani sasa vimekuwa viota vya ndege, na ndani ya vyumba ni sauti za wadudu. Waliolala hapo kwenye vitanda vya kifahari mauti yaliwachukua, na mali yao haikuweza kuwatetea.

Wasomaji wengi huuona utungo huu kuwa wa kukatisha tamaa. Mimi nausoma vingine. Hofu ya kifo hukua inapofichwa, na Sayyid Abdallah anaitoa hadharani. Anataja nyumba, chombo, mdudu na udongo. Msomaji anayefika mwisho wa utungo haambiwi kwamba hatakufa. Anaambiwa kwamba kufa ni jambo la watu wote, nalo linaweza kutazamwa usoni. Huko ndiko kuikubali ajali kwa maana yake ya asili.

Mwana Kupona: mgonjwa anayefundisha

Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake mwaka wa 1275 wa Hijria, yaani takriban mwaka wa 1858. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, na alikuwa mgonjwa. Mapema katika utendi anamweleza bintiye, Mwana Hashima, kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima na kwamba hajapata nafasi ya kumwambia neno jema. Anamwita asogee, aje na wino na karatasi. Mwana Kupona alifariki mnamo mwaka wa 1860, muda mfupi baada ya kuutunga. Jina lake, Kupona, humfanya msomaji atue kidogo.

Uhakiki mwingi wa utendi huu umejikita katika nasaha zake kuhusu mke na mume, na mjadala huo una uzito wake. Lakini tukiusoma kama kauli ya mtu anayeumwa, tunaona jambo jingine. Mwana Kupona hakupoteza beti zake akilalamika. Alipanga kazi. Kwanza anatoa wasia kwa mwanawe, kisha anaomba dua ndefu, akiwaombea jamaa zake na kuomba aponywe. Mtu huyu anajiandaa kwa mauti na bado anaomba uzima. Haoni ukinzani wowote kati ya mambo hayo mawili.

Zaidi ya hayo, mshairi anayaita maneno yake hirizi, na kumtaka bintiye aifunge vyema kwa uzi. Hirizi ni kinga. Mama ambaye mwili wake mwenyewe haukupata kinga anamwachia mwanawe kinga ya maneno. Kutokana naye tunajifunza swali la kuiuliza hofu: badala ya "nitakufa lini?", "ni neno gani sijalisema, na kwa nani?"

Je, ghafla ni ghafla?

Katika matangazo ya vifo redioni na magazetini, tumezoea kusikia kwamba fulani amefariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi" au "ghafla". Mwanaisimu atauliza: ghafla kwa nani? Mara nyingi neno hili huueleza mshangao wa waliobaki kuliko mwendo wa ugonjwa wenyewe.

Mfano bora ni kiharusi. Ugonjwa huu hutokea mshipa unaopeleka damu ubongoni unapoziba au kupasuka. Tukio lenyewe ni la dakika chache, lakini sababu yake kuu, shinikizo la juu la damu ambalo wengi wetu huliita presha, huweza kuwamo mwilini kwa miaka bila dalili yoyote. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka wa 2021, watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na tatizo hili, na asilimia 46 kati yao hawakujua. Kwa hao, pigo litakuja "ghafla". Kwa aliyepimwa, akapunguza chumvi, akaacha sigara na kumeza dawa alizoandikiwa, huenda lisije kabisa.

Hata pigo likija, bado kuna la kufanya. Dalili tatu hukumbukwa kwa urahisi: uso kupinda upande mmoja, mkono mmoja kulegea, na maneno kutoka vibaya. Ikiwa mshipa umezibwa na bonge la damu, ipo dawa ya kuliyeyusha inayotolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kwamba mshipa haukupasuka. Kwa hiyo mgonjwa hapaswi kulazwa nyumbani "aone kama atapata nafuu". Kila saa inayopita kwa kusubiri ni sehemu ya ubongo inayopotea. Wahenga walijua: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hitimisho

Turudi kwenye kitenzi kukinga. Kwa Kiswahili, mtu hukinga mvua ili isimlowanishe, na mtu huyo huyo hukinga maji ya mvua kwa kuweka chombo chini ya mchirizi ili yasipotee. Maana ya kwanza ni kuzuia, ya pili ni kupokea. Anayekabiliana na hofu ya maradhi anahitaji zote mbili. Azuie kinachozuilika: apimwe, ajue dalili, awahi hospitalini. Na kwa kile kisichozuilika, aweke chombo chake kama alivyofanya Mwana Kupona, siku zisipite bure: aseme neno lililobaki, alipe deni, asamehe. Sayyid Abdallah ametuonyesha kwamba taa imo katika upepo. Hakuna mahali alipotukataza kuikinga kwa viganja ingali inawaka.

Maswali ya mjadala

1. Taja methali nyingine mbili za Kiswahili kuhusu kifo au maradhi. Je, zinahimiza kukubali au kuchukua hatua?

2. Linganisha anayeambiwa katika Al-Inkishafi na anayeambiwa katika Utendi wa Mwana Kupona. Tofauti hiyo inaathiri vipi ujumbe?

3. Kusanya tafsida tano za kifo zinazotumiwa katika jamii yako. Ni ipi inayoipunguza hofu, na ni ipi inayoificha tu?