Sogoet wa Chupani: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Mkulima wa chai wa Kericho hahitaji kufundishwa maana ya kloni. Hukata kipande chenye jani moja na jicho moja, akakichomeka kwenye kifuko cha udongo na kukifunika kwa nailoni. Mche humfuata mama yake, na ukimwasi, mchumaji atautambua. Mti wa dawa hauna hisani hiyo. Gome lililopoteza dawa hufanana na lile lenye dawa. Basi ninyi mnaotaka kuzalisha miti ya dawa ya sogoet na tendwet kwa tishu kalcha, yaani kukuza kipande cha mmea chupani, kabla haijaisha katika msitu wa Mau, sikieni.

Usianze na chupa. Mbegu ya tendwet haiwekeki muda mrefu. Iokote mbivu, ioteshe mara moja. Maabara ni ya pale mbegu na vipandikizi vimekwama.

Omba ruhusa kabla ya kugusa jani. Kenya ina kanuni za mwaka 2006 juu ya kuchukua rasilimali za kijenetiki, na sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi. Mzee aliyekuonyesha mti ana haki yake. Iandike mapema, si baada ya kupata soko.

Usizalishe mti mmoja mara elfu kumi eti ulikuwa karibu na barabara. Chukua macho kutoka miti mama mingi, sehemu mbalimbali za msitu, kila mmoja na namba yake. Tendwet umo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995, kwa kuwa gome lake hubanduliwa kwa ajili ya dawa ya tezi dume inayouzwa Ulaya. Kuurudisha msituni ukiwa na sura moja tu ni kuupunguza kwa njia nyingine.

Usafi: spiriti ya asilimia 70, kisha Jik iliyozimuliwa, kisha suuza mara tatu kwa maji yaliyopita kwenye otoklevu. Hapo sina la kujadiliana na mtu.

Usipitie kalasi kama jicho lipo. Lile donge la seli hutoa miche mingi haraka, na ndilo hasa linalozaa miche iliyogeuka. Watafiti Larkin na Scowcroft waliipa hali hiyo jina mwaka 1981. Tumia ncha ya chipukizi au jicho la kwapani, homoni kidogo iwezekanavyo. Hesabu kila mara unapogawanya na kuhamisha. Mimi mstari wa miche ukifika mzunguko wa nane nautupa, nikarudi kwa mama. Wenzangu huniita mbadhirifu.

Kausha jani la mama, ulihifadhi siku ya kwanza. Bila hilo, utalinganisha watoto na nani? Pima DNA kwa alama za ISSR au SSR. RAPD ukiitumia, irudie, maana hubadili jibu mtu akibadili mashine. Kisha usijitape. Vipimo hivyo husoma sehemu ndogo tu ya DNA, na havioni alama za methili zinazowasha na kuzima jeni. Waulize wakuzaji wa michikichi ya maabara: mashamba yalipendeza miaka kadhaa, kisha matunda yakatoka yamepinda, hayana mafuta ya maana. Chanzo, kupotea kwa methili mahali pamoja, kilianikwa mwaka 2015.

Kwa hiyo pima dawa yenyewe. Sogoet una poligodiali na warburganali, ndizo zinazouma ulimi kama pilipili. Kumpa mzee atafune jani si aibu, ila si kipimo. Peleka sampuli ikasomwe kwa kromatografia, pamoja na ya mama.

Usitoe mche kwenye nyuzi 25 za chumba ukautupa kwenye usiku wa Kericho. Uzoeshe wiki kadhaa chini ya nailoni, na uweke wavu: mvua ya mawe ya alasiri haichagui chai wala dawa.

Usimuuzie mkulima wa Bomet mche wenye lebo inayosema "sogoet" basi. Andika namba ya mama, mzunguko, tarehe ya kipimo. Kama hakuna kipimo, andika hakuna.