Somo la Mwezi: Kinga ya Kompyuta na Vivinjari

Ndugu Wanachama,

Msimu uliopita, siku ya kuwalipa wachumaji, kompyuta ya ofisi yetu ilikataa kufungua ukurasa wa benki. Kivinjari cha kwanza kilituonya kwamba ukurasa ule haukuaminika. Kivinjari cha pili, katika kompyuta ile ile na saa ile ile, kikaufungua bila ya neno. Wachumaji walingoja mpaka alasiri, na hawakuwa na makosa waliponung'unika. Kwa hiyo tumeona yafaa kulieleza jambo hili, kwani aghalabu mtu yakimfika hayo huizima kinga kabisa, au hulipuuza onyo akaendelea. Yote mawili ni hatari.

Chukueni mfano wa gunia la karafuu lililofungwa na kutiwa lakiri shambani. Njiani mlinzi hulifungua, akatazama kama ndani mna mawe au makonyo, kisha hulifunga na kulitia lakiri yake mwenyewe. Likifika kituoni, karani mmoja anayo alama ya mlinzi yule katika daftari lake, basi hulipokea. Karani wa pili ana daftari lake mbali, na alama ile hamna, hulikataa. Wala hakukosea, maana lakiri ngeni huenda ikawa ya mwizi.

Ndivyo zifanyavyo programu nyingi za kinga. Habari za benki husafiri zikiwa zimefungwa kwa siri. Kinga huzifungua ili itafute virusi, kisha huzifunga tena kwa cheti chake. Kwa miaka mingi Chrome ilitegemea daftari la vyeti la Windows, ilhali Firefox ina daftari lake yenyewe. Mapema mwaka 2019, lilipotoka toleo la 65 la Firefox, watu wengi wenye kinga za Avast na AVG walishindwa kufungua kurasa, hata Mozilla ikasimamisha kwa muda kulisambaza toleo hilo kwenye Windows. Toleo la 68, la Julai mwaka huo, lilipewa uwezo wa kulitambua kosa hilo na kulisoma daftari la Windows.

Tena ziko kinga zinazojipenyeza ndani ya kivinjari chenyewe. Mwaka 2018 Chrome ilianza kuzizuia katika Windows, kwa kuwa zilikifanya kizime ghafla.

Yako pia mambo ya viongezo, navyo huweza kuona kila ukurasa tunaoufungua. Desemba 2019 Mozilla iliviondoa viongezo vya Avast na AVG katika ghala lake, ilipobainika kwamba vilikusanya habari kupita haja. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza habari za namna hiyo. Basi mlinzi naye hapana budi aangaliwe.

Haya ndiyo ya kushika:

1. Kompyuta moja, kinga moja. Mbili hugombana. Windows 10 na 11 zinayo tayari Microsoft Defender, nayo hujiweka kando ikitiwa kinga nyingine.

2. Sasisheni kivinjari na kinga kwa pamoja. Kosa la ofisi yetu lilikuwa hilo: kivinjari kipya, kinga ya zamani.

3. Onyo likitokea, msiandike neno la siri. Tazameni cheti kimetolewa na nani. Kikiwa na jina la kinga yenu, tatizo ni lakiri ya mlinzi. Kikiwa na jina msilolijua, acheni, mwiteni fundi.

4. Msizime maonyo ya kivinjari. Chrome na Firefox hutumia orodha ya kurasa za hila iitwayo Google Safe Browsing; Edge hutumia SmartScreen. Hayo hufanya kazi hata pasipo kiongezo chochote.

5. Ukurasa kufunguka katika kivinjari cha pili si dalili ya usalama. Ulizeni kwanza.

Mwanachama mwenye shaka na alete kompyuta au simu yake ofisini. Afadhali kungoja saa moja kuliko kupoteza mapato ya msimu.

Wassalaam,
Katibu